MTAFITI KIJANA HANA WA KUMWONYESHA NJIA



Katika karatasi hii tumezoea kusoma habari za mishahara, marupurupu na malipo yaliyochelewa. Ni sawa, maana tumbo halingoji. Lakini liko jambo moja ambalo halimo katika mapatano yetu na waajiri, hata mstari mmoja, nalo lawaumiza wenzetu vijana walioajiriwa katika utafiti.

Juzi kijana mmoja alinijia ofisini. Yeye ni mtafiti msaidizi, huu ni mwaka wake wa sita, na kila mwaka hupewa kandarasi ya mwaka mmoja. Amepima damu za mbuzi na ng'ombe mpaka macho yakamwuma, na jina lake limo katika makala nne, daima mahali pa nne au pa tano. Nikamwuliza, "Mwanangu, wataka kufika wapi?" Akajibu, "Mwalimu, hakuna aliyepata kuniuliza." Hakujua kwamba katika sayansi yetu jina la kwanza katika makala ndilo linalotazamwa sana mtu aombapo kazi. Hakujua kwamba kwa cheo cha mhadhiri vyuo vingi vyataka Ph.D., na kwamba ile kazi yake ya damu ya mbuzi ingalitosha kuwa mwanzo wa Ph.D. hiyo, kama angaliandikishwa mapema. Na miaka yote hiyo aliketi na profesa kila Jumatatu!

Simlaumu profesa peke yake. Msimamizi ana mashaka yake: ripoti ya mfadhili, tasnifu za wanafunzi, madarasa yaliyojaa. Lakini tuseme kweli, kijana hodari akienda kusoma, maabara hupoteza mkono uliozoea kazi. Ndiyo sababu nasema mlezi wa mtafiti kijana asiwe mkubwa wake wa kazi. Awe mtu wa idara nyingine, asiyepata hasara kijana akiondoka, naye amweleze wazi: omba fedha hizi, kataa kazi ile, andika kwanza makala yako mwenyewe, na ikiwa nafasi za chuo ni chache, tazama wizarani, tazama viwanda vya dawa, tazama kaunti.

Fikirini habari za marehemu Profesa Wangari Maathai. Mwaka 1966 alirudi kutoka Marekani akiwa ameahidiwa kazi ya usaidizi wa utafiti katika zuolojia huko Nairobi, chuo kilipokuwa bado chuo kishiriki. Alipofika akaambiwa kazi imekwisha kupewa mtu mwingine. Alizunguka akitafuta, mpaka Profesa Reinhold Hofmann, Mjerumani, akamchukua katika idara mpya ya anatomia ya wanyama. Hofmann hakumpa darubini tu akamwacha hapo. Alimhimiza aende Ujerumani kusoma, akaenda mwaka 1967, na mwaka 1971 akapata Ph.D. yake Nairobi, mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki kuipata. Tena tusisahau kwamba mama huyo baadaye alipigania haki sawa za wanawake wafanyi kazi wa chuo, akajaribu kukigeuza chama cha wahadhiri kiwe chama cha wafanyi kazi. Mahakama ilikataa.

Yeye alimpata Hofmann kwa bahati. Waliokosa mtu kama huyo ni wangapi? Majina yao hatuyajui.

Siku hizi hatari imezidi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nchi za nje, miradi iliyoitegemea ilisimama, na katika waliopoteza kazi hapa kwetu walikuwamo vijana wa kandarasi. Nilizungumza na wawili. Hakuna aliyekuwa amewaambia, hata siku moja, kwamba fedha za mradi zina mwisho na mtu hana budi kutayarisha mlango wa pili.

Wazee wenzangu watasema, "Sisi tulijifundisha wenyewe." Si kweli, ndugu zangu. Kila mmoja wetu alikuwa na mtu aliyemshika mkono, ila tumemsahau. Wengine watasema muda haupo, na hao wana haki. Mtu anayesahihisha karatasi mia tatu hawezi kuongezewa mzigo bure. Kwa hivyo naomba kazi hii ya ulezi iandikwe katika mapatano: saa mbili kila mwezi kwa kila kijana, zihesabiwe kuwa saa za kazi kama somo la darasani, na zitajwe mtu anapoomba kupandishwa cheo. Na kijana apewe ruhusa ya kubadilisha mlezi bila kueleza sababu.

Hoja hii nitaileta mbele ya mkutano ujao wa tawi. Wenye kuipinga waje nao. Yule kijana nimemwambia aketi mbele.