WARSAW SI MJI BANDIA

Muhula uliopita Chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa sababu ya vicheko. Hoja ilikuwa hii: jengo lililojengwa upya si jengo la kihistoria. Mwalimu wetu wa Historia ndiye aliyetupa mfano. Alileta kalenda yenye picha za miji miwili ya Poland, Krakow na Warsaw, akatuuliza mtalii afunge safari kwenda upi. Mimi nilikuwa mpinzani. Nilikuwa nimesema dakika mbili tu kengele ikalia, na sisi wa shule ya kutwa si mnatujua, kengele ya jioni ikilia tunawaza njia ya nyumbani. Kura zikapigwa haraka haraka, tukashindwa. Basi Mhariri, asante kwa ukurasa huu, maana sikuwa nimemaliza.

Kwanza niwe mkweli. Mimi Poland sijafika. Mbali kabisa nilikofika ni Nakuru, tena kwa mashindano ya drama. Niliyo nayo nimeyapata vitabuni na kwa mwalimu yule, ambaye tulimsumbua kwa maswali mpaka akakosa chai ya saa nne.

Wapendekezaji waliisifu Krakow, nami siwalaumu. Mji ule ulinusurika vita. Kilima cha Wawel kingali na kasri na kanisa kuu walimozikwa wafalme. Chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka wa 1364. Kila saa mpiga tarumbeta hupuliza wimbo kutoka mnara wa kanisa la Mtakatifu Maria, na wimbo hukatika ghafla katikati. Ukigusa ukuta wa Krakow, walisema, umegusa kazi ya mwashi wa kale. Ukigusa ukuta wa Warsaw, umegusa saruji ya juzi. "Bandia!" akapaza mmoja, na darasa zima likaangua kicheko.

Hebu basi tuulize hiyo saruji ya juzi ilikujaje.

Mnamo Agosti 1, 1944, watu wa Warsaw walishika silaha dhidi ya Wajerumani, waliokuwa wameukalia mji wao tangu 1939. Walipigana siku 63. Raia waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 150,000 na 200,000. Waliosalia wakafukuzwa mjini. Halafu, na hapa naomba msomaji asome polepole, Wajerumani wakaendelea kuuvunja mji usio na watu. Vikosi vilipita mtaa kwa mtaa vikichoma na kulipua nyumba, makanisa, hata maktaba. Kasri la Kifalme lilikuwa tayari limelipuliwa mwezi wa Septemba, na matundu ya kutilia baruti yalikuwa yametobolewa kutani mwake tangu miaka ya kwanza ya vita. Kufikia Januari 1945 kiasi cha asilimia 85 ya mji ilikuwa kifusi.

Ati hayo ni madhara ya kawaida ya vita? La hasha. Huko kulikuwa kufuta, kama mtu afutavyo ubao. Sasa mtu aliyefutiwa jina lake, akaliandika tena mahali pale pale kwa mwandiko ule ule, tumwambie ameandika uongo?

Tena hawakujenga kwa kubahatisha. Walimu na wanafunzi wa usanifu wa majengo walikuwa wamezipima na kuzichora nyumba za Mji Mkongwe, na michoro ikafichwa katika nyumba ya watawa huko Piotrków, ambako ilipona. (Wanafunzi, jamani! Sisi tukitumwa kupima uwanja wa voliboli tunalalamika.) Walitumia pia picha za Bernardo Bellotto, Mwitalia aliyemchorea mfalme mandhari ya Warsaw katika karne ya 18. Matofali mengine yaliokotwa kifusini, mengine yakaletwa kutoka miji mingine. Uwanja wa Soko ulifunguliwa tena Julai 22, 1953. Mnamo 1980 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya urithi wa dunia, na sababu waliyotaja ni kule kujengwa upya.

Mtalii akifika, ataanzia kwenye nguzo ya Mfalme Zygmunt wa Tatu. Huyo, wapendekezaji wasikie vizuri, ndiye aliyehamisha makao ya kifalme kutoka Krakow hadi Warsaw. Nguzo ilisimamishwa mwaka wa 1644, ikaangushwa 1944, ikasimamishwa tena 1949. Mawe mawili ya nguzo za zamani yamelazwa pale karibu na kasri, kila mtu ayaone. Je, mwenye kitu bandia huweka ushahidi mlangoni? Akisonga mbele atafika kanisa kuu la Mtakatifu Yohana, ambalo ukutani limebandikwa kipande cha mnyororo wa mtambo wa kivita wa Kijerumani. Kisha Uwanja wa Soko na sanamu ya nguva mwenye upanga, halafu ngome ya matofali iitwayo Barbakan.

Lakini mimi kinachonivuta ni saa ya kasri. Ilisimama saa tano na robo asubuhi, Septemba 17, 1939, kasri lilipopigwa mabomu likaungua. Mnara ulipojengwa upya, saa iliwashwa Julai 1974, na waliingoja ifike saa tano na robo ile ile ndipo ikaanza kwenda.

Mwaka juzi nyumba ya nyanya yangu iliungua kwa sababu ya koroboi. Baba na ami zangu waliijenga mahali pale pale, mlango ukitazama kule kule. Siku ya kwanza nyanya aliingia usiku bila taa, akanyosha mkono, akaupata msumari wa kutundikia leso pale alipouzoea. Hakuna aliyethubutu kumwambia hiyo si nyumba yake. Ila picha ya babu ilikuwa moja tu, nayo haikujengwa.

Hapo ndipo nakubali wapendekezaji walikuwa na neno, ingawa hawakulisema. Kuna Warsaw ambayo haikurudi. Wayahudi walikuwa karibu theluthi moja ya wakazi kabla ya vita. Walifungiwa ndani ya ukuta, wengi wao wakapelekwa kuuawa Treblinka mwaka wa 1942, na waliosalia wakainuka kupigana Aprili 19, 1943. Mtaa wao ulisawazishwa na ardhi. Sinagogi Kuu lililipuliwa Mei 16 mwaka huo, na leo mahali pake pana jengo refu la maofisi. Unaweza kujenga upya nyumba za watu walionusurika na kuzitaka, lakini hawa wengi hawakuwako tena wa kuzidai. Vipande vichache vya ukuta wao vimebaki, kimoja nyuma ya nyumba za barabara ya Sienna.

Kwa hiyo mtalii wangu, akishapiga picha zake pale uwanjani kwa nguva, nitamtuma Sienna kabla hajapanda treni ya Krakow.

Wapendekezaji wakitaka kunijibu, gazeti litatoka tena mwaka ujao. Nitakuwa Kidato cha Nne, na kalenda bado ninayo.