Mwenye Nyumba wa Taifa Naye Abandike Mapato na Matumizi

Nina vyumba vinane vya kupangisha Igogo hapa Mwanza, juu ya mlima, pale bodaboda inapogoma na mzigo kumaliziwa kichwani. Nilivijenga kwa faida ya dagaa wa soko la Mwaloni, chumba baada ya chumba. Kwa hiyo nikizungumza habari za Shirika la Nyumba la Taifa, msinichukulie kama mpangaji mwenye kinyongo. Mimi ni mwenye nyumba mdogo ninayemtazama mwenye nyumba mkubwa kuliko wote nchini. Yeye ana nyumba zaidi ya 17,000, mimi nina vyumba vinane na choo cha pamoja, lakini kazi ni ileile: kukusanya kodi, kuziba paa, kusuluhisha wanaogombea umeme wa LUKU, na kuamua hela inayobaki iende wapi.

Hilo la mwisho ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Kuanzia uchaguzi wa Desemba 2014 hadi 2019 nilikuwa mwenyekiti wa mtaa. Ni kazi ya lawama nyingi na posho ya kubahatisha. Mkutano wa hadhara ukiitishwa, kabla hatujafika kwenye taka wala ulinzi shirikishi, watu walikuwa wanataka mapato na matumizi: yasomwe, kisha yabandikwe ubaoni. Zilikuwa hela ndogo za michango, lakini ziliulizwa hadi senti. Mzee mmoja alikuwa haji bila kalamu na kikaratasi. "Mama mwenyekiti, hapa umeandika mafagio kumi. Mimi nimehesabu saba." Nikamwambia twende stoo, akayaona matatu yaliyobaki, akarudi kukaa bila kuniomba radhi. Sikumlaumu. Ndiyo kazi yake kama mwananchi, na ndiyo iliyokuwa kazi yangu kumwonyesha.

Sasa shuka mjini. Barabara ya Kenyatta, Barabara ya Nyerere, mitaa ya Rufiji na Liberty: yale majengo ya zamani, duka chini na familia juu, mengi yalijengwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi enzi za pamba. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa nchi nzima majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kumkabidhi Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 Msajili huyo akaunganishwa na Shirika la Nyumba, lililokuwapo tangu 1962. Ndivyo shirika lililozaliwa kwa ajili ya kuondoa vibanda vya udongo na kumjengea mtu wa kawaida nyumba bora lilivyojikuta ni mpangishaji wa maduka katikati ya miji. Kama kutwaa kule kulikuwa haki au dhuluma, wazee walishabishana hadi wakachoka, sitawafufulia ugomvi. Lakini majengo yalitwaliwa kwa jina la wananchi. Zaidi ya miaka hamsini baadaye, sioni hapa Mwanza chombo kimoja chenye mamlaka ya kumwita meneja wa Shirika na kumwuliza: mwaka huu mmekusanya kiasi gani hapa, na mmekifanyia nini?

Nakubali kwamba Shirika linakaguliwa. CAG anapitia vitabu vyake, Kamati ya Bunge ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma inawaita wakubwa wake, Wizara ya Ardhi inalisimamia, na Msajili wa Hazina analidai gawio. Mkurugenzi Mkuu anateuliwa na Rais. Tazama njia hizo zote zinavyoelekea: zinapanda juu. Hakuna hata moja inayoshuka kwa aliyelipa pango wala kwa mji ambamo jengo limesimama. Meneja wa mkoa anaweza kuwa mtu mwema na mchapakazi kupindukia, lakini bosi wake yuko makao makuu, na anachopimwa nacho ni makusanyo.

Linganisha na maji. MWAUWASA, mamlaka yetu ya maji, wakitaka kupandisha bei ya uniti, hawaamki asubuhi na kubandika tangazo getini. Wanapeleka maombi kwa mdhibiti, EWURA, naye anaitisha taftishi ya wazi, watu wanaingia ukumbini na risiti zao mkononi. Wakati mwingine bei inapanda vilevile, ndiyo, lakini aliyepandisha amekaa mbele yetu akaeleza sababu, na amesikia tulichomjibu. Kodi ya pango nayo iliwahi kuwa na sheria yake ya udhibiti na mabaraza yake. Ilifutwa mwaka 2005 na tangu hapo pango ni makubaliano na soko. Kwangu mimi mwenye vyumba vinane kufutwa kule kulikuwa nafuu, sitajifanya mtakatifu. Mpangaji wangu akiona namkamua, anahamia kwa jirani. Kwa mwenye duka la Barabara ya Kenyatta aliyejenga wateja kwa miaka ishirini, kuhama ni kuanza maisha upya.

Na maji hayohayo yalinionyesha kitu kingine. Huku milimani shimo la choo halichimbiki, chini ni mwamba. Watu walijenga vyoo vya kunyanyua kwa mawe, na mvua kubwa ikipiga usiku kuna waliovifungulia. Uchafu ulishuka hadi Mto Mirongo, na Mirongo haupeleki maji yake kwingine ila ziwani, tunakotoa dagaa na maji ya kunywa. Ulipokuja mradi wa MWAUWASA wa majitaka ya milimani, mabomba membamba yanayopenya kati ya nyumba na nyumba, wataalamu walilazimika kukaa na watu wa mitaa. Bomba lipite kwa nani? Ukuta wa nani ubomolewe? Nani atazibua likiziba? Ramani iliyochorwa ofisini isingeweza kujibu hata swali moja kati ya hayo. Vikao vilikuwa virefu, vyenye matusi kidogo, na bomba likapita. Taasisi ya umma inaweza kupanda mlima ikitaka.

Kwenye Shirika la Nyumba, mjadala wetu wa kitaifa kwa muda mrefu umekuwa juu ya mtu mmoja: nani ni Mkurugenzi Mkuu. Mwaka 2010 aliletwa Nehemia Mchechu kutoka benki, na lazima niseme ukweli kwamba Shirika liliamka. Madeni yakaanza kudaiwa, waliokuwa wamekodi kwa bei ya kutupwa na kupangisha wenzao kwa bei ya soko wakaanza kutafutwa, kreni za ujenzi zikainuka. Mwenye nyumba asiyedai kodi si mpole, anaziacha nyumba zife, na hapo niko upande wa Mchechu moja kwa moja. Septemba 2016 Shirika lilimtoa Freeman Mbowe, kiongozi wa upinzani wakati huo, kwenye jengo la Bilicanas kwa deni la pango alilolipinga mahakamani. Kuna walioona siasa, kuna walioona kodi. Mimi niliona vyote viwili, na nikajiuliza ni wadaiwa wangapi wenye majina makubwa wangetolewa bila kelele kama orodha za madeni zingekuwa zinabandikwa hadharani kila mwaka, mkoa kwa mkoa, chama tawala, chama cha upinzani na ofisi za Serikali zikiwamo.

Mwaka 2018 Mchechu akaondoka. Akaja Dk. Maulid Banyani. Miradi mikubwa ya Dar es Salaam, Morocco Square na Kawe 711, ikasimama kwa miaka, fedha zimeshazama kwenye zege na Shirika halina kibali cha kuendelea kukopa. Mwaka 2022 Mchechu akarudi, mwaka 2023 akahamishiwa kuwa Msajili wa Hazina, yaani mtu anayeyadai gawio mashirika yote ya umma, na kiti cha Shirika akakalia Hamad Abdallah. Kila mmoja kaja na mpango wake. Sina ugomvi na yeyote kati yao. Ila shirika ambalo mwelekeo wake unageuka kila kiti kinapobadilisha mkaaji linakuwa la mkaaji huyo, wala si la wapangaji wake na miji yake. Hata aliyekuwa mbunge wa Ilemela hapa Mwanza, Angelline Mabula, alikaa Wizara ya Ardhi kwa miaka, kwanza naibu, kisha Waziri kuanzia 2022 hadi 2023. Kama njia ya kuwajibika chini ingetegemea kuwa na mtu wetu mezani, sisi tungekuwa tumeshaipata.

Najua hoja itakayotolewa, kwa sababu ina uzito. Shirika ni la Taifa. Pango la duka la Mwanza linajenga nyumba Mpanda au Muleba, na nchi moja ndivyo inavyokwenda. Sipingi. Kodi ya chumba changu cha mbele ndiyo iliyojenga cha nyuma. Lakini nani aliamua nyumba zijengwe wapi na ziuzwe kwa nani? Shirika lilijenga nyumba za gharama nafuu katika wilaya nyingi, Bombambili ya Geita ikiwamo, na baadhi ya nyumba za mradi ule zilikaa bila wanunuzi. Wakubwa wa Shirika walieleza kwa miaka kwa nini bei haishuki: VAT, na ukweli kwamba barabara, maji na umeme wa eneo la mradi Shirika linajigharamia lenyewe, halafu gharama ile inaangukia mnunuzi. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli. Ndiyo sababu nashangaa kwa nini anayechonga barabara, anayevuta maji na anayetoa ardhi hawana kiti kwenye meza ya Shirika hapa mkoani tangu siku ya kwanza. TARURA wapo mjini. MWAUWASA wapo. TANESCO wapo. Halmashauri ya Jiji na Manispaa ya Ilemela ndizo zenye mipango miji, na wakazi wao kwa pamoja walivuka milioni moja kwenye sensa ya 2022.

Na meza hiyo ikiwapo, huenda ikagundua kwamba Mwanza haihitaji ghorofa kwanza. Miaka ya 1970 mji huu ulikuwa miongoni mwa mitatu ya mwanzo, pamoja na Dar es Salaam na Mbeya, kuingia katika mradi wa viwanja na huduma uliogharamiwa na Benki ya Dunia. Serikali haikumjengea mtu nyumba. Ilipima viwanja, ikachonga njia, ikavuta maji, watu wakajenga wenyewe kwa mwendo wao. Nyakato ilipata sehemu yake. Wachumi waliofuatilia mradi ule katika miji saba ya Tanzania, utafiti wao ukachapishwa 2021, walikuta maeneo mapya yaliyopimwa vile yana nyumba bora hadi leo kuliko maeneo ya jirani yaliyojengwa bila kupimwa. Mimi nimejenga kwenye mwamba bila kipimo, kwa hiyo naelewa wanachosema: njia ya gari isipoachwa mapema, hairudi tena. Shirika la Nyumba lenye mtaji na jina zuri benki lingeweza kuwa mpimaji na mwendelezaji wa ardhi Kishiri au Buhongwa kabla sisi wa dagaa hatujafika na mawe yetu. Huenda nimekosea na ghorofa ndizo zinazotakiwa. Basi tubishane mahali panapoandikwa muhtasari.

Mfano upo: Marekani miji mingi ina mashirika yake ya nyumba za umma, na tangu sheria ya mwaka 1998, isipokuwa kwa mashirika machache, bodi lazima iwe na angalau mjumbe mmoja anayehudumiwa na shirika hilohilo. Mpangaji anakaa bodini. Haijamaliza shida zao, nyumba za umma za New York zina ukungu na lifti mbovu kila siku magazetini. Lakini ukungu huo unasemwa ndani ya kikao na mtu anayelala nao. Kwetu, kumweka mpangaji wa Shirika na mwakilishi wa halmashauri kwenye ile meza ya mkoa hakuhitaji sheria mpya ya kusubiri miaka kumi. Mkurugenzi Mkuu anaweza kuanza kwa waraka.

Hasa sasa, kwa sababu ya ubia. Sera ya ubia iliyohuishwa mwaka 2022 inamruhusu mwekezaji kuungana na Shirika, jengo la zamani livunjwe, linyanyuke jipya. Viwanja vya katikati ya Mwanza ni mali adimu, vimebanwa kati ya mwamba na ziwa, havitaongezeka. Tunaokumbuka nyumba za Serikali zilivyouzwa kuanzia 2002, Capri Point na Isamilo zikiwamo, tunajua uamuzi wa mbali unavyoweza kupita kimya na mtumishi anayehamishiwa mkoani akaja kupanga uswahilini. Ubia si uuzaji, sawa. Lakini mkataba wa miaka mingi juu ya ardhi ya umma usiosomwa popote unafanana nao mno.

Bajeti ya Wizara ya Ardhi husomwa Dodoma mwezi Mei. Wabunge wa Nyamagana na Ilemela wakipewa dakika zao, nawaomba shukrani kwa niaba yetu zingoje mwisho, muda ukibaki. Waanze na maswali. Mwaka uliopita Mwanza imelipa pango kiasi gani? Kati ya hela hizo, ngapi zimekarabati majengo ya Mwanza, na zilizobaki zimejenga nini, wapi? Nani anadaiwa, na tangu lini? Viwanja vipi vya mjini vimewekwa kwenye ubia, na nani, kwa mgawo gani? Majibu yakitolewa, yachapwe yabandikwe ofisi za kata zote, za mjini na za milimani. Kuna wazee huku wana kalamu.