Parseli pembeni mwa Bunia: mwenyewe yuko wapi?

Mji wa Bunia unazidi kutambaa. Upande wa Dele, nyuma ya Mudzipela, na kila mahali barabara inapotoka mjini, mashamba ya mihogo yamekatwa vipande vipande, vigingi vimepigwa, matofali yamepangwa yakingojea mwenyewe apate pesa za mabati. Sababu moja ni kwamba tangu 2015 Bunia ni makao makuu ya jimbo la Ituri, na ofisi huleta watu. Sababu iliyo kubwa zaidi tunaijua sote. Tangu Desemba 2017 vijiji vya teritware ya Djugu vimechomwa na kuchomwa tena, na waliopona wengi wameteremka mjini.

Kati yao wamo Wakristo wetu wa Kilo. Kilo si kijiji cha kusahauliwa: dhahabu ilionekana huko mwaka 1903, na jina lake, likiunganishwa na la Moto, likawa jina la kampuni ya migodi iliyojulikana mpaka Ulaya. Familia iliyotoka huko na akiba kidogo, ya dhahabu au ya duka, haitaki kuketi chini ya turubai katika kambi ya Kigonze, wala haitaki kupanga nyumba ya mtu miaka yote. Inatafuta parseli. Hatuwezi kuwalaumu. Mama aliyekimbia mara tatu na watoto sita anajua kuliko sisi thamani ya ukuta ulio wake. Kinachotufanya tuandike ni namna parseli hizo zinavyouzwa.

Tuanze na sheria, maana wengi hununua bila kuijua. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa Kongo ni mali ya Serikali. Raia hapewi udongo wenyewe. Hupewa haki ya kuutumia, na haki hiyo inathibitishwa na kitu kimoja tu: cheti cha usajili, ile sertifika ambayo konservateri huitoa baada ya kadastri kupima na kuweka mawe ya mpaka. Miaka miwili ikipita, ni vigumu mno mtu kumnyang'anya mwenye cheti. Karatasi ya shefu wa kartie, karatasi ya mauzo yenye sahihi za mashahidi wanne, hata fishi ya parseli, zote zinasaidia, lakini hakuna hata moja kati yake iliyo cheti.

Na mashamba ya mababu? Sheria hiyo hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais ingeeleza haki za watu juu ya ardhi ya kimila. Miongo ikapita bila amri hiyo kutoka. Basi mji unapopanuka na kuingia katika ardhi ya machifu, hutokea wauzaji wawili kwa shamba moja: mmoja anasema ardhi ni ya ukoo, mwingine anasema ni ya mji. Katikati yao husimama komisioneri, ambaye hana ardhi hata ya kuzikia kuku, naye ndiye anayekula kwanza.

Hatari ya kuuziwa parseli iliyokwisha kuuzwa, watu wanaizungumza. Wamejifunza kuuliza majirani, kupima upya, kudai mjane na watoto wakubwa watie sahihi. Ni vizuri. Lakini kuna swali ambalo halisikiki sana, nalo ndilo linalotunyima usingizi: mwenye shamba yuko wapi?

Pembeni mwa Bunia hapakuwa pori tupu. Watu waliishi hapo na kulima, na baadhi yao wamekimbia kama wale wa Kilo. Shamba halina mtu kwa sababu mwenyewe yuko kambini, au amevuka Ziwa Albert kwenda Uganda, au amekufa na watoto wake wanalelewa na shangazi. Ndugu wa mbali, au jirani aliyebaki, anaona vigingi vya wengine vinakaribia, naye anauza. Mnunuzi anaambiwa kwamba mwenyewe alitoa ruhusa kwa simu. Karatasi inaandikwa. Bei ni ndogo kuliko ile ya parseli ya pili yake, na bei hiyo ndogo ingepaswa kumwamsha mnunuzi badala ya kumfurahisha.

Tumekwisha kupita njia hii. Vita vya 1999 hadi 2003 vilianzia Djugu kwa ugomvi juu ya mashamba makubwa yaliyoachwa na wakoloni, vikaua makumi ya maelfu. Bunia yenyewe iligawanyika kartie kwa kartie. Majeshi ya Umoja wa Ulaya yalipoingia mwezi Juni 2003 na utulivu ukaanza kurudi, watu walitoka mafichoni wakakuta nyumba zao zina wenyeji wengine, na baadhi ya wenyeji hao walikuwa nao wamefukuzwa kwao. Hakuna kesi ngumu kama ile ya maskini wawili wanaogombea mlango mmoja. Ilibidi jimbo lipate tume ya ardhi ya kupatanisha watu, maana mahakama peke yake haikutosha.

Tunapobariki msingi wa nyumba tunapenda kusoma Yeremia 32. Tunaelewa kwa nini. Tangu Mei 2021 jimbo letu liko chini ya hali ya kuzingirwa, linaongozwa na wanajeshi, na nabii alinunua shamba la Anathothi wakati Yerusalemu umezingirwa na yeye mwenyewe amefungwa. Ni andiko la tumaini. Ila lisomwe lote. Hanameli, mwenye shamba, alikuja mwenyewe, hakutuma komisioneri. Yeremia alikuwa ndugu mwenye haki ya kulikomboa shamba hilo. Fedha, shekeli 17, zilipimwa mbele ya mashahidi. Hati zilikuwa mbili, moja ya muhuri na moja ya wazi, zikatiwa katika chombo cha udongo ili zidumu. Na maana ya tendo lote ilikuwa kwamba waliochukuliwa uhamishoni watarudi katika mashamba yao. Anayenunua shamba la mkimbizi kutoka kwa mtu asiye mwenyewe, kisha siku ya jiwe la msingi akafunguliwa Yeremia 32, amesomewa andiko linalomshitaki.

Turudi Kilo. Familia inayonunua Bunia imeacha parseli huko, na uchimbaji wa dhahabu haukungoja amani. Kuna mtu amekwisha kupiga kigingi katika uwanja wao na kuukata kwa ajili ya mchimbaji aliyefika juzi. Habari hiyo ikifika Bunia watu hulia, na wana haki ya kulia. Lakini mtu huyo huyo anayelia anaweza kuwa amesimama juu ya uwanja wa mwenzake anayelia Kigonze. Neno la Bwana katika Mathayo 7:12, la kuwatendea wengine kama tunavyotaka kutendewa, katika jambo hili halihitaji mhubiri wa kulifafanua.

Kanisa lina kitu ambacho kadastri haina: watu wake wako pande zote. Ushirika mmoja wa Bunia una washiriki kambini, Kilo, Mongbwalu, hata ng'ambo ya ziwa. Kwa hiyo tunaomba wazee wa kanisa wasitie sahihi kama mashahidi wa mauzo kabla jina la mwenye shamba halijaulizwa kwa wenzao walio kambini. Ni simu moja ya Jumamosi. Ibrahimu alipotaka mahali pa kumzika Sara, alipatana bei mlangoni pa mji, watu wote wakisikia, akalipa shekeli 400 ingawa Efroni alikuwa amesema achukue bure. Aliyekwisha kununua vibaya naye asifukuzwe kwa mawe. Atafutwe mwenyewe, wakae na wazee, walipane au wagawane, waandike, kisha waende pamoja kwa konservateri.

Na waliotoka Kilo waandike sasa, wazee wangali hai: uwanja wao uko wapi, jirani wa kulia na wa kushoto ni nani, mwembe uko upande gani, mto unapita wapi. Nakala mbili, moja kwa familia, moja katika kabati la kanisa pamoja na vitabu vya ubatizo. Si cheti, lakini siku ya upatanisho itasema wakati watu wamenyamaza.

Limebaki jambo ambalo baraza zetu hazipendi kuliweka katika ajenda. Huko pembeni mwa mji, jengo la kwanza kusimama mara nyingi ni kanisa: mbao, mabati, ngoma, na karatasi ya shefu. Mwenye shamba akitoka Kigonze Jumapili asubuhi akakuta mimbari mahali palipokuwa na mihogo yake, shemasi wa mlangoni atamwambia nini?