Semina ya Bure, Ardhi ya Umma

Jumamosi moja mwezi uliopita nilihudhuria semina ya bure kuhusu uwekezaji katika ardhi na majengo. Ilifanyika katika ukumbi wa hoteli moja katikati ya jiji la Dar es Salaam, mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka Kariakoo. Nikiri mapema kwamba sikwenda kama mtafiti. Nilikwenda kama mtu wa miaka arobaini na ushei, mwenye shahada ya uzamivu na angali mpangaji, aliyeliona tangazo kwenye simu yake na likamvutia.

Ukumbi ulifurika. Walikuwapo watumishi wa umma wanaokaribia kustaafu, ambao tangu kanuni mpya ya kikokotoo ianze kutumika Julai 2022 wamekuwa wakiupigia mahesabu mkupuo wao kwa wasiwasi. Walikuwapo wahitimu wetu wa vyuo vikuu wasio na ajira. Na walikuwapo wafanyabiashara wa Kariakoo waliofunga maduka yao nusu siku ili waje kusikiliza. Hawa wa mwisho siwezi kuwalaumu hata kidogo. Mtu anayetoa kilemba ili apate fremu, kisha akalipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kabla hajauza hata doti moja ya kitenge, anaijua tofauti ya kumiliki na kutomiliki kuliko profesa yeyote.

Msemaji alikuwa hodari, na hilo nalo nilikiri kwa haki. Alieleza tofauti kati ya mali inayokuingizia fedha na mali inayokula fedha zako, hoja iliyoenezwa duniani na kitabu cha Robert Kiyosaki cha mwaka 1997. Alionesha picha za viwanja vya pembezoni mwa jiji, bei zake za zamani na bei za leo. Alizungumza Kiswahili chepesi, akatoa mifano ya watu wanaofanana nasi. Hadi saa saba mchana ukumbi mzima ulikuwa naye. Ndipo zikagawiwa fomu za kuweka nafasi ya kiwanja, zenye punguzo ambalo tuliambiwa lingekoma saa kumi jioni siku hiyohiyo. Mafunzo yote yalikuwa yametolewa kwa Kiswahili. Fomu ilikuwa ya Kiingereza.

Jirani yangu, mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, aliinamia fomu ile kwa muda, kisha akaniuliza, "Kaka, hapa chini wanasema nini?" Nilimsomea. Palisemwa kwamba malipo ya awali hayarejeshwi kwa sababu yoyote ile. Akaiweka kalamu mezani. Fedha alizokuja nazo zilikuwa za mgao wa kikoba chao.

Nikanyosha mkono. Niliuliza jambo moja tu: je, upekuzi wa viwanja hivi umekwisha kufanyika katika ofisi ya ardhi, na mchoro wa mipango miji wa eneo hili tunaweza kuuona? Msemaji alitabasamu. "Mheshimiwa, maswali ya hofu ndiyo yanayowafanya wasomi wabaki kuwa wapangaji." Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, kwa kuwa alikuwa amenipiga penyewe. Kisha akaongeza kwamba mambo ya upekuzi na nyaraka yanafundishwa katika darasa la pili, lile la kulipia.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ninapotaka tusimame. Sisemi semina ile ilikuwa ya kitapeli. Viwanja vyake huenda ni halali kabisa. Ninachosema ni kwamba kilichotolewa bure kilikuwa hamu, na kilichofungiwa nyuma ya mlango wa malipo kilikuwa maarifa ambayo kila raia wa nchi hii anastahili kuyapata.

Nasema anastahili kwa sababu ya historia yetu wenyewe. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza umilikaji binafsi wa ardhi usio na ukomo, Mwalimu Nyerere aliandika kuupinga. Aliona kwamba ardhi ikigeuzwa bidhaa kama nguo au chumvi, wachache wenye fedha wataitwaa na walio wengi watakuwa wapangaji katika nchi yao. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umilikaji wa aina hiyo ulifutwa kwa sheria. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaendeleza msingi huohuo: ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Anachopewa mwenye hati ni haki ya kuitumia kwa muda, usiozidi miaka 99, kwa masharti, na kwa kulipa kodi ya pango la ardhi kila mwaka. Hakuna lolote kati ya haya lililotajwa ukumbini, ingawa ndiyo bidhaa yenyewe iliyokuwa ikiuzwa. Tena, kama ardhi ni ya umma, basi taarifa zake nazo ni za umma.

Na taarifa zenyewe si elimu ya siri. Kiwanja kikiwa na hati, mnunuzi anaweza kuomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, akaelezwa mmiliki ni nani, kama kimewekwa rehani, na kama kuna zuio lolote juu yake. Kikiwa hakina hati, anaweza kwenda halmashauri, ofisi ya mipango miji, akaangalia eneo lile limepangiwa matumizi gani. Likiwa ndani ya kijiji, liko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo ina taratibu zake zinazopitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji. Nyumba ikiwa ni ya familia, mke au mume lazima aridhie kabla haijauzwa. Haya yanaweza kufundishwa kwa saa moja, kwa Kiswahili, na mtu akayaelewa.

Ninajuaje? Kwa kuwa mimi sikuyajua. Mwaka 2011, nikiwa mhadhiri msaidizi, nilinunua kiwanja pembezoni mwa jiji. Tuliandikishana mbele ya mashahidi, mihuri ikapigwa, tukapeana mikono. Miaka miwili baadaye nilikwenda kufuatilia hati. Afisa mmoja kijana alikunjua mchoro mezani, akaweka kidole mahali nilipokuwa nimepanda miembe miwili, akaniambia kwa upole kwamba pale pamepangwa kuwa shule. Maelezo yake hayakuchukua robo saa. Mchoro ule ulikuwapo ofisini siku niliyolipa fedha zangu. Hakuna aliyenificha, hakuna pia aliyeniambia, na mimi, pamoja na vyeti vyangu, sikujua kwamba kuna mahali pa kuuliza. Kuuliza si ujinga, wanasema wahenga, lakini lazima kwanza ujue pa kuuliza.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kila mtu mzima ajitazame mwenyewe. Tumekwisha kuona gharama ya msimamo huo. Mwaka 2009 Serikali iliposimamisha shughuli za DECI, maelfu ya watu walikuwa wamekwisha "kupanda mbegu" zao. Wakati ule nasi wasomi tulisema wananchi wana tamaa. Ni rahisi kusema hivyo. Lakini watu hukusanyika mahali ambapo mtu anawaeleza mambo ya fedha kwa lugha wanayoielewa na bila kuwadharau. Tukipaacha wazi mahali hapo, atapakalia mwenye kitu cha kuuza.

Sisi tulikuwa wapi? Tulikuwa kwenye semina zetu. Watumishi wa umma na wahadhiri ni watu wa semina kweli kweli: warsha za wadau, makongamano, mafunzo elekezi, yote yenye chai, posho na mada za Kiingereza zilizoandikwa kwa ajili ya mfadhili. Nimetoa mada kadhaa kuhusu urasimishaji wa makazi katika kumbi ambazo ndani yake hapakuwa na mtu hata mmoja anayeishi katika makazi yasiyopimwa. Mwaka 2021 Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Sisi wenyewe hatujaanza kuyaishi mageuzi hayo.

Kimya chetu kina gharama nyingine kubwa kuliko fedha. Msemaji alitusifia sana faida ya kuongeza ghorofa katika majengo ya katikati ya jiji. Karibu na pale tulipoketi, Ijumaa ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo jingine la ghorofa liliporomoka Kariakoo kwenyewe, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Wengi wetu ukumbini tuliwahi kupita mitaa hiyo. Somo la uwekezaji katika majengo lisilotaja mhandisi, kibali wala ukaguzi ni somo pungufu, na upungufu wake hulipwa na mpangaji na mchuuzi walio chini ya ghorofa hizo.

Wizara ya Ardhi imekuwa ikiendesha kliniki za ardhi, ambako wananchi hukutana na maafisa uso kwa uso. Hiyo ni hatua njema. Kasoro yake ni kwamba kliniki huja na kuondoka, ilhali madalali na wauzaji wa viwanja wapo kila siku. Napendekeza kila kata ya jiji hili iwe na siku moja maalumu kila mwezi, inayojulikana na isiyobadilika, ambapo afisa ardhi na afisa mipango miji watakaa katika ofisi ya mtendaji wakiwa na michoro ya eneo lao, wazi kwa yeyote. Napendekeza mkataba wowote wa kumuuzia mwananchi kiwanja uandikwe kwa Kiswahili. Na sisi wa vyuo vikuu tuihesabu saa ya kufundisha umma kama sehemu ya kazi tunayopandishwa vyeo kwayo. Chuo Kikuu Ardhi, shule za sheria na idara za uchumi zote ziko humu humu jijini.

Saa kumi ilipogonga, wengi walikuwa wamekwisha kulipa. Mama wa vitenge hakulipa siku ile. Tuliposhuka ngazi alinishukuru, akaniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomwambia ninafundisha chuo kikuu, na kwamba nimewahi kuandika kuhusu mambo haya, alisimama akanitazama.

"Sasa mwalimu, na ninyi semina yenu ya bure huwa lini?"

Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata niliongozana naye hadi ofisi ya ardhi kuulizia kiwanja kile, kwa kuwa bado anakitaka, na majibu bado tunayasubiri. Wakati huohuo nimezungumza na wenzangu wawili, mwanasheria na mpimaji. Tumekubaliana kuanza na Jumamosi moja kila mwezi, Kariakoo, mara tutakapopata chumba. Atakayesoma haya akawa na chumba, tunamwomba atuazime.