Hukumu ya Kambini na Hukumu ya Mjini

Wenzetu makarani, yatupasa kunena juu ya swali moja lililo katika fomu nyingi za kuombea kazi: "Je, umepata kuhukumiwa kwa kosa lo lote la jinai?" Swali ni fupi, bali limewaponza watu wawili tuwajuao, wote waliokuwa askari. Wa kwanza alitoka kambini bila ruhusa siku nne kwa ajili ya maziko ya mama yake, akaadhibiwa na mkubwa wake. Alipoomba utarishi alijibu "Ndiyo," na barua yake haikujibiwa. Wa pili, mwenye kosa kama lile lile, alijibu "Hapana," akaajiriwa, kisha akaambiwa kuwa amesema uongo. Basi jibu la kweli ni lipi?

Sisi twaona kwamba kosa limo katika swali lenyewe. Hapa Kenya mahakama ya kijeshi ni mahakama kweli kweli; Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 169, yaitaja pamoja na mahakama za mahakimu na za makadhi. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya mwaka 2012 yaagiza mwenye kuisimamia awe hakimu au wakili aliyewekwa na Jaji Mkuu, akikaa na wajumbe wasiopungua watano ikiwa mshtakiwa ni ofisa, au watatu ikiwa si ofisa; na aliyehukumiwa aweza kukata rufani Mahakama Kuu. Askari aliyeiba akapatikana na hatia mbele ya baraza hilo, hatuoni sababu ya kumhesabu kuwa hana doa. Mwizi ni mwizi, ajapovaa magwanda.

Lakini sheria hiyo hiyo yaadhibu mambo ambayo kwa raia si jinai kamwe: kutoroka kazini, kukaidi amri ya mkubwa, kulala lindoni. Karani akikosa kazini siku nne atakatwa mshahara, au ataandikiwa barua kali (nasi twazijua barua hizo), hapelekwi mahakamani. Tena makosa madogo ya askari huamuliwa na kamanda wake mwenyewe, pasipo baraza.

Wengine wamekwisha kulipambanua jambo hili. Marekani, mahakama yao ya juu iliamua mwaka 1976 kwamba lile baraza dogo la ofisa mmoja si mashtaka ya jinai kwa maana ya Katiba yao. Uingereza nayo, katika sheria ya majeshi ya mwaka 2006, imetenga makosa ya nidhamu na yale ambayo yangekuwa jinai hata kwa raia.

Mwenzetu mmoja asema kwamba mwajiri ana haki ya kujua kama mtu alitoroka jeshini. Ni kweli. Na aulize hivyo, kwa swali lake peke yake, na nafasi ya kueleza iachwe chini yake. Twaomba Katibu aandike kwa wakubwa kutaka jambo hili. Na kabla fomu hazijabadilishwa, sisi tunaozipanga barua za maombi tusiiweke kando barua ya askari kwa sababu ya "Ndiyo" tu, tusijasoma kosa lake lilikuwa nini.