Kabla ya kununua kabureta, kagua tangi

Si ajabu mkulima wa Sapiwi, wilayani Bariadi, akiuza pamba yake anunue pikipiki iliyokwishatumika. Wiki mbili baadaye inazimika njiani, na fundi anamwambia kabureta imekufa.

Ndugu msomaji, usitoe fedha haraka. Anza na tangi. Pikipiki ikizimika, fungua kifuniko. Ikiwaka na kwenda vizuri baada ya hapo, huenda tundu la hewa la kifuniko limeziba. Kulizibua ni kazi ya sindano tu.

Tatizo likiendelea, acha injini ipoe, kaa mbali na moto, chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, kinga chupa kisha fungua koki. Yakidondoka kidogo kidogo, kuna uchafu au kutu kwenye tangi, koki au chujio. Yakitiririka vizuri, ndipo umgeukie kabureta: fungua skrubu ya chini, uangalie kama kuna maji au mchanga.

Kabureta mpya chini ya tangi lenye kutu itaziba tena, na fedha ya pamba itakuwa imekwenda bure. Fundi mwaminifu hatakataa kukuonyesha mafuta yanapoishia.