Friji ya sumaku si jibu la Ombaci

Msomaji, sifa za friji ya sumaku umeshazisikia. Zipime pamoja nami, kisha uamue.

Wanasema haina gesi chafu. Ni kweli, na R134a, gesi ya friji nyingi za zamani, huchochea joto la dunia zaidi ya mara 1,000 kuliko hewa ukaa ya uzito uleule; ndiyo maana Kigali mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za jamii hiyo. Lakini friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia isobutani, R600a, ambayo madhara yake kwa hali ya hewa ni madogo mno. Sumaku imeshindanishwa na friji za jana.

Wanasema haina kompresa, basi haiharibiki. Watu haohao wanaeleza kwamba chuma cha gadolini hupata joto kikiingia kwenye sumaku na kupoa kikitoka, huku maji yakipita kati ya vibamba vyake kubeba joto hilo. Sumaku inazungushwa na nini? Maji yanasukumwa na nini? Mota, pampu na vali vyote huchakaa, na gadolini yenyewe huliwa na maji yasiyotiwa dawa ya kuzuia kutu. Kompresa mafundi wa Arua wanaijua.

Wanasema pia inafanya kazi kwenye joto la chumba; hoja hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. G. V. Brown wa NASA alitumia gadolini mwaka 1976 kwa sababu nguvu yake hufika kilele karibu na nyuzi 20. Kiangazi, mchana wa hapa Ombaci, karibu na Arua, hupita 30. Sumaku ya tesla 1 huipandisha gadolini nyuzi 2 au 3 tu, ilhali chanjo za vituo vyetu vya afya zinataka kukaa kati ya 2 na 8. Kushuka kutoka 32 hadi 5 ni nyuzi 27: lazima kupanga tabaka za metali mbalimbali, kila moja na joto lake, na kadiri pengo linavyopanuka ndivyo uwezo wa kupoza unavyopungua. Ufanisi unaosifiwa mara nyingi umepimwa pengo likiwa dogo.

Hata umeme ukiokolewa, swali letu ni jingine: umeme usipokuwapo, itakuwaje? Eneo letu la West Nile liliishi miaka mingi nje ya gridi ya taifa, kwa jenereta na, tangu 2012, megawati 3.5 za kituo cha umeme wa maji cha Nyagak. Umeme ukikatika, pampu ya sumaku nayo husimama. Friji za chanjo za sola hugandisha maji mchana, na barafu hiyo hulinda chanjo usiku kucha bila betri. Hizo zipo tayari. Fedha za vituo vya afya ziende huko.